Luka Alitukuta Wodini

29 Agosti
Daftari hili nimelinunua Newala mjini ili lisaidie kunyamaza kwangu. Mtu akiniuliza jambo, naandika kurasa za nyuma namwonyesha. Kurasa za mbele ni zangu, kwa yale ambayo zamani ningeyasema papo hapo na kuyasahau.

Nimetoka hospitali, shingo yangu ni nyembamba kama ya msichana, na mshono umekaa kama mkufu. Rovu nililolibeba miaka mingi limetolewa. Daktari alinieleza bila kuficha: uvimbe ulikuwa umejizungushia mshipa unaoendesha sauti. Mshipa haujakatika ila umechoka. Unaweza kuamka, unaweza usiamke. Amenikataza kunong'ona, kwani kunong'ona kunalitesa koo. Nifumbe mdomo na kuguna taratibu, asubuhi na jioni, kama mtu anayebembeleza mtoto.

Mimi Bibiana, mama wa Fortunatus, kiongozi wa kwaya hapa kanisani kwetu, Kitangari. Sauti yangu ilikuwa ikiwaita watu kutoka mashambani. Somo wa kanisa letu ni Mtakatifu Luka, yule tabibu aliyeandika Injili, na sikukuu yake ni tarehe 18 Oktoba. Siku hiyo padre akishasoma Injili, mimi husimama nikawasimulia wazee kwa Kimakonde hadithi moja kati ya zile alizoziandika Luka peke yake. Kitabu sishiki.

Mwaka huu sijui. Ila sina hofu. Mungu aliyenipa sauti ya kufika bondeni anajua ameiweka wapi.

2 Septemba
Kumbe kazi kubwa ya mdomo ni kuitikia salamu. Watoto wananipa shikamoo, mimi nainua mkono tu. Mmoja amekwenda kumwambia mama yake kwamba Mama Fortunatus amenuna. Sasa Stefano, mume wangu, akiwa karibu ananiitikia yeye: "Marahaba, anasema marahaba."

6 Septemba, Jumapili
Kwaya imeimba, nami nimewaongoza kwa mikono tu. Sauti ya kwanza wameiangusha ubeti wa pili, nikauma meno.

Baada ya ibada nikamwandikia Padre Optatus kwamba kwa sikukuu atafute msimuliaji mwingine mapema. Alisoma, akanirudishia daftari, akasema nafasi yangu haimpi mtu. Akanikumbusha kwamba Luka anaanza habari zake zote na mzee aliyefungwa ulimi, Zakaria, naye hakufukuzwa kazi hekaluni. Nikaandika: "Zakaria hakuamini. Mimi naamini." Padre akasema basi mimi nina nafuu kuliko Zakaria.

11 Septemba
Korosho zimeanza kudondoka. Chache.

12 Septemba
Maji yamekatika. Tumechota kwenye tangi la mvua la jirani yetu Rukaiya, kama kawaida. Yeye ni Mwislamu, nasi Wakristo, lakini tangi halijawahi kuuliza.

15 Septemba
Nimegundua jambo kuhusu mume wangu. Anaongea.

Tangu anioe, watu wanamwita bubu wa Mama Fortunatus. Nami nilidhani ndivyo alivyoumbwa. Leo tunaokota korosho, mimi kimya kwa amri ya daktari, akaanza kunieleza jinsi baba yake alivyoupanda mkorosho wa kwanza wa shamba hili, akaumwagilia maji aliyoyabeba kichwani kutoka bondeni, na mama yake akamwambia mti hautamlipa. Kisha akaniigiza mwenyekiti wa chama chetu cha msingi cha wakulima anavyohutubia mkutano wakati mkanda wa suruali unamteremka. Nilicheka mpaka nikashika mshono.

Nilimwandikia: "Ulikuwa wapi na maneno haya yote?" Akasoma, akafikiri, akasema, "Nilikuwa nasubiri zamu."

21 Septemba
Nimerudi kutoka Masasi nimechoka. Mdogo wangu Happiness anaishi huko, na kwa wiki nzima alikuwa akipiga simu: kuna mhubiri mgeni, kuna mkutano wa uponyaji uwanjani, viwete wanatembea. Mwisho Stefano akaniambia niende tu, maombi hayamdhuru mtu.

Watu walikuwa wengi na vipaza sauti vikali. Nilisimama kwenye mstari, Happiness amenishika mkono. Zamu yangu ilipofika mhubiri aliniwekea kiganja kichwani, akaomba kwa nguvu, akaniamuru niseme haleluya. Nilifungua mdomo, ikatoka hewa. Akaamuru tena. Hewa. Akawageukia watu akasema yupo mtu hapa ana jambo analificha, ndiyo maana neema imezuiliwa.

Nilifungua daftari nikaandika: "Mshipa umechoka. Niombee uvumilivu." Nikamwinulia. Hakusoma, alikuwa ameshahamia kwa mwingine. Aliyesoma ni mama mmoja nyuma yangu kwenye mstari, mwenye mguu uliovimba. Alinishika shingoni polepole, pale pale penye mshono, akasali bila sauti. Hayo ndiyo maombi niliyorudi nayo nyumbani.

Happiness amelia njia nzima. Sikumkasirikia, ananitaka mzima. Lakini Luka ninayemjua mimi alikuwa tabibu, na sijaona mahali alipoandika kwamba Bwana alimwaibisha mgonjwa mbele ya watu. Waliowaaibisha wagonjwa walikuwa wengine.

26 Septemba
Ugomvi wa mpakani umerudi. Hamudi, mtoto wa Rukaiya, anaendesha bodaboda, na ana mdomo kama mimi nilivyokuwa. Kati ya shamba lake na letu ipo mikorosho miwili ambayo kila msimu anasema ni ya marehemu baba yake, nasi tunasema ni yetu. Miaka yote mimi ndiye niliyemshinda kwa maneno. Leo alikuja mapema na ndoo, akaokota chini ya yote miwili huku akiniangalia. Nilisimama pale na kinywa kisicho na kitu. Stefano akamwambia taratibu kwamba tutalimaliza mbele ya wazee baada ya mavuno. Hamudi akajibu kwamba mwaka huu angalau tutasikilizana.

Neno hilo limeniuma. Kijana mzima, muda wake ni pikipiki na muziki, sijamwona akimsaidia mtu bila nauli. Nimeguna mazoezi yangu kwa hasira, na daktari hakusema niyafanye hivyo.

30 Septemba
Joto. Korosho nyingi. Mabibo yananuka shamba zima, na wapika uraka, pombe ya mabibo hayo, wana furaha.

4 Oktoba, Jumapili
Nikiguna, kuna kitu kinatikisika kooni, kama mdudu ndani ya kibuyu. Sijamwambia mtu.

9 Oktoba, hospitalini Newala
Naandika nimekaa kwenye benchi la nje. Nitaandika yote.

Jana asubuhi tulikuwa shambani, Stefano mbele, mimi nyuma na debe la kukusanyia. Aliingiza mkono kwenye majani makavu chini ya mkorosho mkubwa ili atoe korosho zilizofukiwa, akautoa haraka, akakaa chini. Hakupiga kelele. Aliniambia kwa utulivu, kana kwamba ananieleza habari ya mtu mwingine, "Bibiana, ni kifutu." Ndipo nikamwona nyoka, mnene, rangi ya majani yenyewe, anajivuta bila haraka. Kwenye mkono wa kulia, karibu na kidole cha shahada, palikuwa na matundu yanayotoka damu.

Nilifungua mdomo niwaite watu. Mimi, niliyekuwa nikisikika mpaka bondeni. Ikatoka hewa. Nikajaribu tena kwa nguvu zangu zote, koo likawaka, hewa. Kuzunguka kwetu mashamba yalikuwa na watu, na hakuna aliyejua.

Nikamwaga korosho, nikachukua debe na fimbo, nikakimbilia njiani nikilipiga. Nilipiga kama mwenye wazimu. Wa kwanza kutokea ni Hamudi. Alikuja amekunja uso, baadaye aliniambia alidhani nafukuza mbuzi wake na alikuwa amejiandaa kugombana. Nilimshika kifundo cha mkono nikamvuta. Alipomwona Stefano, uso wake ulibadilika kabisa.

Hakuuliza lolote. Alimkataza Stefano kusimama, akakimbia, akarudi na pikipiki na kanga ya mama yake. Mkono akaulaza kifuani na kuufunga kwa kanga. Mtu mmoja aliyefika na wembe akitaka kuchanja, Hamudi alimsukuma pembeni. Alimkalisha Stefano nyuma yake, mimi nikapanda mwisho nimemshika mume wangu kiunoni, tukaondoka.

Barabara ya kuja Newala naijua tangu utoto, lakini jana sikuitambua. Mkono ulivimba mpaka kanga ikabana. Stefano aliegemea mgongo wa Hamudi, na Hamudi akawa anaongea naye njia nzima bila kupumzika. Mdomo wake ule niliouchukia. Alimuuliza habari za mikorosho, nani aliipanda, mwaka gani, akambishia makusudi, "Baba Fortunatus, hiyo miwili ni yetu, na wewe unajua." Na Stefano, kila alipotaka kulala, aliamka kumjibu kwamba si kweli. Hivyo ndivyo alivyofika akiwa na akili zake.

Mapokezini walituuliza jina la mgonjwa, umri, nyoka wa aina gani, saa ngapi. Nesi aliniangalia mimi, nikagusa koo langu. Hamudi akajibu kila swali. Akaulizwa yeye ni nani kwa mgonjwa. Akasema, "Mdogo wake."

Nesi akaandika hivyo.

10 Oktoba
Amepewa dawa ya sumu. Mkono mweusi mpaka kiwiko. Homa. Daktari anasema tusubiri.

12 Oktoba
Nimefikia kwa ndugu wa Padre Optatus, hapa Newala, na kila asubuhi naingia wodini. Hamudi anakuja kila siku kutoka Kitangari. Huu ndio msimu wa bodaboda kubeba magunia kwenda ghalani, mtu mwenye pikipiki hapumziki, naye anaiacha getini na kukaa na sisi. Ananiletea uji ulioandaliwa na Rukaiya. Leo alimgeuza Stefano kitandani, akamfuta, akabadilisha shuka. Mimi nilikuwa nashika tu upande wa pili.

Nimwandikie nini? Niliandika "Ahsante." Alisoma akasema maandishi yangu ni mabaya.

15 Oktoba
Leo daktari amesema neno la kukata mkono. Amesema huenda. Nimetoka nje nikaguna mazoezi yangu nyuma ya jengo la kufulia, maana sikujua nifanye nini kingine, na kuguna kumegeuka kulia. Ndani ya kilio nikasikia sauti. Mbaya, nzito, lakini yangu.

Nilirudi ndani na sikusema kitu. Niliogopa kuitumia ikaisha.

17 Oktoba
Uvimbe umepungua. Mkono utabaki. Kidole cha shahada hakitapona, watakiondoa. Stefano aliposikia akasema vilivyobaki vinatosha kuokota korosho. Hamudi akasema, "Umepona, kaka." Nimelala nikilitafakari neno hilo. Kwetu sisi aliyeponea chupuchupu kwenye meno ya nyoka amepona, aliyetolewa uvimbe shingoni amepona, na kanisani tunasema hivyo hivyo juu ya yule ambaye Bwana amemsimamisha upya. Luka alikuwa tabibu na mwinjilisti kwa mkono mmoja. Sidhani kama alikuwa akijua wapi kazi moja inaishia na nyingine inaanza.

18 Oktoba, Jumapili, Sikukuu ya Mtakatifu Luka
Nimeisubiri sikukuu hii msimu mzima na sikuwepo. Asubuhi Padre Optatus alituma ujumbe kwamba kwenye nafasi yangu watakaa kimya kidogo, kisha waimbe. Nilimwonyesha Stefano ujumbe ule. Akautazama muda mrefu, akasema, "Leo ni Luka. Nisimulie."

Nikatikisa kichwa. Akasema, "Mimi sina kidole, wewe huna sauti. Anza hivyo hivyo."

Nikaanza. Kwa Kimakonde, kama kila mwaka. Sauti iliyotoka ilikuwa kama mlango unaoburutwa, nami mwenyewe nilishtuka. Stefano alifumba macho, machozi yakamshuka, lakini hakunikatiza. Nikamsimulia mtu yule aliyeshuka kutoka Yerusalemu kwenda Yeriko. Watu wa huku juu hatuhitaji kuelezwa kushuka ni nini, unapouacha uwanda huu wa juu unajua uko mikononi mwa njia. Nikafika pale walipomvamia, wakampiga na kumwacha.

Kwenye kitanda cha jirani yupo mzee mmoja, Mzee Dadi, Mwislamu wa huko huko kwetu, amevunjika nyonga. Akasema, "Mwanangu, pandisha kidogo, huku hatusikii." Nikageuka. Wodi nzima ilikuwa imenyamaza. Wengine walikuwa wameketi.

Nikaanza upya. Kuhani akapita. Mlawi akapita. Sauti ilikatika mara nyingi, nikameza mate, nikaendelea. Nilipofika kwa Msamaria, yule ambaye watu wake na watu wa majeruhi hawakusalimiana, niliona Hamudi amesimama mlangoni na chupa ya uji, hajui aingie au asubiri. Sikuweza kumtazama. Nikasimulia jinsi Msamaria alivyomfunga majeraha, akampandisha kwenye mnyama wake, akamfikisha mahali pa kutunzwa, akakaa naye. Nikasimulia swali ambalo Bwana aliuliza mwishoni, ni nani basi aliyekuwa jirani wa mtu yule.

Kisha Mzee Dadi akaniuliza jambo ambalo kwa miaka yote ya kusimulia hakuna mtu aliyewahi kuniuliza. Akataka kujua kama yule aliyepigwa, alipopata nafuu, alilijua jina la aliyemwokoa. Nikamjibu kwamba Luka hakuandika.

Stefano akafungua macho, akatazama mlangoni. "Mimi wangu namjua," akasema.

Hamudi aliingia, akamimina uji mpaka ukafurika na kumwagika kwenye shuka.

25 Oktoba
Tumerudi. Rukaiya ameokota korosho zetu zote, amezianika, amezitia kwenye magunia yetu. Za ile mikorosho miwili ameziweka kwenye gunia la peke yake.

1 Novemba, Jumapili
Padre amenihamishia upande wa wanaume, kwenye besi. Kwaya imecheka, nami nimecheka kwa besi. Sauti ya kwanza sasa anaiongoza mwanakwaya mwenzangu Rose, na ubeti wa pili hauanguki tena. Happiness amepiga simu kusema yale maombi ya uwanjani yamejibiwa kwa kuchelewa. Nimemwambia Mungu asifiwe, aje atusaidie kubeba magunia.

6 Novemba
Wazee wamekaa kuhusu mikorosho. Stefano na Hamudi wamebishana mpaka chai ikapoa, kisha wakaondoka pamoja. Haijulikani bado ni ya nani.

15 Novemba
Wingu zito mashariki, halijanyesha. Rukaiya amekuja. Hakukaa mkekani kama siku zote, alisimama akizungukazunguka, nikajua ana neno.

Mkwewe Stamili, mke wa Hamudi, amerudi kutoka kwao Chiungutwa, alikokuwa akimuuguza mama yake. Amerudi na shingo iliyovimba. Usiku anakosa pumzi, analala ameketi. Madaktari wameshamwambia akatolewe uvimbe, naye amekataa katakata, kwa sababu amesikia yaliyompata Mama Fortunatus. Rukaiya akasema hajaja kuniomba nimdanganye. Amekuja kuniomba niende.

16 Novemba
Nimekwenda. Stamili ni binti mpole, mtoto mgongoni, mtandio umezungushwa shingoni. Alinipa shikamoo, nami nikaitikia marahaba kwa sauti hii, nikaona alivyoshtuka. Nikaona heri tuanzie hapo.

Nilimwambia kwamba sauti ya zamani haijarudi, na huenda isirudi. Kwamba uvimbe wangu ulikuwa umekaa vibaya, na wake huenda haujakaa hivyo, amuulize daktari mwenyewe, asiniulize mimi. Kwamba sasa nalala chali na kuvuta pumzi mpaka mwisho. Akanisikiliza akimpapasa mtoto miguu.

Akauliza, "Na ungejua itakuwa hivi, ungekubali?"

Nikamjibu, "Ningekubali. Ila wiki ya mwisho ningeimba sana."

Kisha akauliza kama nitakuwepo.

22 Novemba
Tangu Jumatatu nyumba ya Rukaiya ina kaswida kuanzia alfajiri. Stamili anaimba akitwanga, akichota maji, akimwogesha mtoto. Ana sauti nzuri, sikuwahi kujua. Stefano ameketi barazani anasikiliza, mkono wake wenye vidole vinne umelala magotini.

26 Novemba
Wamemwingiza chumba cha upasuaji asubuhi. Hospitali ni ile ile iliyonitibu mimi, na benchi ni lile lile. Hamudi alikaa, akasimama, akakaa. Hakuwa na mdomo kabisa. Rukaiya alivuta tasbihi, nami nilisali kwa Bwana kwa maneno yangu, na nikamwomba yule tabibu aliyeandika habari zake atuombee na sisi. Nilisali kwa sauti. Siogopi tena kuitumia.

Walimtoa amelala, bandeji shingoni. Tuliruhusiwa kuingia wote watatu mchana, alipoanza kufumbua macho. Nesi akamwita jina. Midomo ikasogea, hakuna kitu. Hamudi akaniangalia, nami nikamshika bega nikamwambia asubiri.

Stamili akameza mate. Akamtazama mumewe, kisha mkwewe, kisha mimi. Akasema, kidogo lakini safi kama maji, "Nina njaa."

Rukaiya akaketi chini sakafuni. Nami nikamkumbuka binti wa Yairo, jinsi Bwana alivyomwinua, na watu wote wakiwa wameduwaa akaagiza apewe chakula. Nilimuuliza nesi kama inaruhusiwa. Akasema jioni, uji mwepesi.

Nimetoka kwenda kuutafuta.